Sanduku Lisilokuwa Letu

Sisi tuliokulia Karatu kabla ya barabara ya lami tunakumbuka vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye chumvi. Sisi ndugu wawili wa nyumba moja tunakumbuka pia sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya SANI, 41 kwa hesabu yetu ya mwisho. Leo mmoja wetu ni mchungaji na mwingine ni mwalimu, na tukikutana hatumalizi chai kabla ya kulitaja sanduku lile.

Lilikuwa la rafiki yetu, mtoto wa jirani. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alipakia vitunguu Mang'ola, akavipeleka Dar es Salaam, na kila aliporudi alimletea mwanawe gazeti moja au mawili. Yalinuka vitunguu. Juu ya kila gazeti mzee yule aliandika kwa penseli tarehe na mahali aliponunua: Kariakoo, Ubungo, Chalinze. Jumamosi mchana tulikaa watatu chini ya mti nyuma ya nyumba yao. Masharti yalikuwa mawili: kwanza unawe mikono, na anayefunua kurasa ni mwenye sanduku peke yake.

Jina la SANI lilitokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Wahusika wake waliopendwa sana walitoka katika kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986. Sisi tulipoanza kuwasoma, walikuwa wakichorwa na mikono mingine. Watoto wa Marekani walikuwa na Superman tangu mwaka 1938, mtu anayeruka angani, na siku hizi visa vyake vya zamani huchapishwa upya katika vitabu vikubwa vya kupamba kabati. Mashujaa wetu hawakuruka. Ndumilakuwili alikuwa na maneno mawili kwa kila mtu. Lodi Lofa alijifanya bwana mkubwa na mfukoni hana kitu. Madenge alikuwa mtoto mtundu asiyeonyeka. Tulicheka mpaka machozi, kwa sababu watu hao tulikutana nao kila siku ya mnada.

Katikati ya miaka ya 1990, mwaka ule ule tuliobarikiwa Kipaimara, ulikuja mkutano wa injili wa juma zima. Mhubiri aliwaambia vijana walete vitu vya dunia vichomwe siku ya kufunga: kanda za muziki, picha, magazeti. Alitusomea habari za watu wa Efeso. Sisi tulikuwa tumeguswa kweli, na hilo hatulikani hata leo. Lakini nyumbani hatukuwa na kitu cha kuchoma. Tulikuwa na sanduku tu. Rafiki yetu alikuwa amekwenda Mang'ola kumsaidia baba yake wakati wa kuvuna vitunguu, akatuachia tumtunzie.

Tulilibeba wawili, kila mmoja mshikio wake. Magazeti yote 41 yaliingia motoni, watu wakapiga makofi na vigelegele, nasi tukatoa ushuhuda mbele ya umati.

Rafiki yetu aliporudi tulimwambia kwa furaha kwamba tumeokoka. Alilifunua sanduku, akalitazama likiwa tupu, akauliza, "Mmeokoka kwa sanduku langu?" Hakutupiga wala hakututukana. Aliacha tu kuja kwetu, na baadaye akaacha kuja kanisani. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Maandishi yale ya penseli ndiyo yaliyokuwa barua zake kwa mwanawe, nasi tulikuwa tumezichoma.

Miaka mingi baadaye, chuoni, yule mchungaji miongoni mwetu alipewa kazi ya kufafanua Matendo ya Mitume 19:19. Alisoma mstari ule mara nyingi kabla ya kuona jambo lililokuwa wazi siku zote: watu wa Efeso walichoma vitabu vyao wenyewe. Thamani yake ilihesabiwa, vipande vya fedha elfu hamsini, na hasara ilikuwa yao. Usiku ule alimpigia simu ndugu yake, tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Tulikuwa tumemtolea Mungu sadaka ya mali ya mtu mwingine. Na Amri ya Saba tulikuwa tumeikariri kwa Kipaimara mwaka ule ule, pamoja na maelezo ya Luther katika Katekisimo Ndogo, kwamba jirani tusimnyang'anye mali yake bali tumsaidie kuitunza.

Tukaanza kutafuta. Tulipita kwa wauza vitabu vya mitumba Arusha na Dar es Salaam, tukauliza kwa wazee waliokuwa na maboksi darini. Kwa miaka sita tulipata magazeti tisa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne; sisi hata robo hatukuifikisha.

Rafiki yetu sasa ni dereva wa watalii, huwashusha kreta ya Ngorongoro karibu kila wiki. Tulimngoja kwake jioni moja mpaka akarudi, gari limejaa vumbi. Tukamwomba msamaha, tukaweka yale tisa mezani. Aliyageuza moja moja, akitazama pembe za juu ambako baba yake alikuwa akiandika. Palikuwa peupe. "Siyo yale," akasema. Tukajibu kwamba tunajua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita binti yake aje aone Madenge, na sisi tuliponyoosha mikono kufunua, akatuzuia: "Mmenawa?"

Tukaenda kunawa.

Wapendwa, hatujamrudisha kanisani, wala hatukwenda kwa ajili hiyo. Tulikwenda kwa sababu tulikuwa na deni. Ukitaka kumtolea Bwana kitu, tazama kwanza sanduku ni la nani. Na kama umekwisha kuchoma cha mwenzako, usiseme Mungu amesamehe yakaisha. Mungu amesamehe, ndiyo maana una nguvu za kwenda kubisha mlango ule.