Rangi mpya, mifupa mibovu

Ndugu msomaji, hapa mjini ukiacha maneno ya dalali, hakuna kinachoongoza kwa uongo kama kopo la rangi. Gari lililopinduka Chalinze likishapigwa rangi, utaambiwa lilikuwa la padri mmoja, lilikuwa linatoka Jumapili tu. Nyumba yenye ufa ikipakwa chokaa inaitwa ya kisasa. Hayo tumeyazoea, tunacheka, maisha yanaendelea. Lakini kuna chombo ambacho rangi ikidanganya juu yake hakuna wa kucheka, nacho ni boti. Hasa boti ya faiba.

Nenda kijiwe chochote cha wavuvi, kuanzia Kunduchi mpaka Tanga, uliza habari za faiba. Utaambiwa, "Aah, mashua ya mbao ndiyo inataka kalafati kila siku. Faiba haiozi bwana!" Nusu ya maneno hayo ni kweli. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwenye gundi iitwayo resini, na gundi hiyo ikishakauka inakuwa ngumu kama jiwe. Mchwa haili, wala wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawaigusi. Ndiyo maana tangu Wamarekani walipoanza kuunda boti za namna hiyo miaka ya 1940, zimeenea dunia nzima.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasheshe. Boti nyingi za faiba za zamani si faiba tupu. Ndani zina mbao. Ule ukuta wa nyuma, kwenye tezi, unaobeba mashine, katikati una plaiwudi nene iliyofunikwa faiba pande mbili. Chini ya sakafu kuna mihimili iliyolala kutoka omo kwenda tezi, nayo mara nyingi ni mbao zilizofungwa faiba kama mguu uliovunjika unavyofungwa plasta. Hiyo ndiyo mifupa ya boti. Faiba ya nje ni ngozi tu.

Sasa anakuja mtu anataka kufunga kishikio cha taa. Anatoboa, anakaza skrubu, anaondoka zake. Tundu lile halikuzibwa kwa kitu. Maji yanapenya taratibu, yanafika kwenye mbao, na yakishaingia hayana pa kutokea. Ngozi inabaki nzuri, mifupa inaoza.

Na usifikiri boti iliyopumzishwa nchi kavu imesalimika. Maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi kwa mbao kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi inazuia ule ukungu unaoozesha. Boti ikikaa chini ya mti miaka saba bila kufunikwa, inakunywa masika saba na vuli saba.

Hiyo miaka saba sijaitoa hewani. Ndiyo miaka ambayo boti ya mjomba wangu, ya futi 23, ilikaa chini ya mkungu huko Kunduchi. Mjomba aliinunua kwenye hoteli moja iliyokuwa ikipelekea watalii visiwani, akavulia, mashine ikafa, ikabaki pale kuku wakitagia ndani. Mwezi Juni 2023 akajitokeza mnunuzi. Alikuwa kijana mvuvi na wenzake watano, wamechanga fedha yao, wanataka boti ya kutokea usiku na taa, wafunge mashine ya nguvu farasi 40. Bei walikubaliana na mjomba shilingi milioni 4.

Dalali aliyewaleta akamvuta mjomba pembeni. "Mzee, usijisumbue. Puti kidogo, rangi ya bluu, jina jipya ubavuni. Keshokutwa tunamaliza biashara."

Msimlaumu mtu hapa. Milioni 4 nyumbani kwa mjomba ilikuwa na kazi yake. Binti yao alikuwa amepata nafasi chuoni na ada ilikuwa haijapatikana hata robo. Mkaza mjomba, ambaye ndiye anayekaanga samaki alfajiri ili nyumba ile ile, alishaigawa ile fedha kichwani mpaka shilingi ya mwisho.

GONGA USIKIE

Mjomba akasema rangi sawa, lakini kwanza aje fundi aione. Fundi mwenyewe ni mzee, kazi ya mbao alirithi kwa baba yake, na ya faiba aliijua alipopita Mbegani, Bagamoyo, kile chuo cha uvuvi ambacho siku hizi kiko chini ya FETA. Alikuja na nyundo na drili ndogo, basi.

Akaigeuza nyundo, akaanza kugonga kwa mpini, kidogo kidogo, kama daktari anayepima kifua. Ubavuni ikalia ko, ko, ko. Akasema pazima. Alipofika tezi, pale panapokaa mashine, mlio ukabadilika. Bu, bu, bu. Hata mimi nisiyejua kitu niliusikia. Akatoboa tundu dogo upande wa ndani. Badala ya unga mkavu wa mbao ukatoka uji mweusi, unanuka kama majani yaliyooza mtaroni. Akatoboa kwenye mihimili, mambo ni yale yale.

Mjomba akakaa chini kwenye mchanga bila kusema neno.

Piga hesabu, msomaji. Mashine ya nguvu farasi 40 ina zaidi ya kilo 70. Inaning'inia kwenye ukuta ule, na ikiwashwa inausukuma, ikipiga wimbi inautikisa. Ukuta ukikatika usiku nje ya Mbudya, mashine inazama na bahari inaingia kwa nyuma, watu sita wamo ndani. Wapo wanaojua kuogelea, lakini kusi ikivuma kuogelea nako kuna mwisho wake.

Dalali akasema, "Kwani nani atajua?" Mkaza mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyejibu. Alimgeukia fundi akamuuliza, "Babu, hii ikipakwa rangi ilivyo, utampakia mwanao?" Fundi akasema, "Labda kama nimemchoka." Mama wa watu akainuka, akajipangusa mchanga, akasema, "Basi waiteni hao vijana waone wenyewe."

Vijana wakaja, wakaonyeshwa tundu. Tulidhani wataondoka. Kumbe nao walikuwa wamekwisha tafuta boti kila mahali, nzima hawaziwezi bei. Wakakubaliana hivi: bei ishuke mpaka milioni 2 na nusu, vijana wanunue mbao, resini na vifaa vyote, mjomba amlipe fundi kwa fedha yake. Mimi nikatolewa kama kibarua wa bure! Dalali akaondoka akinung'unika kwamba ukoo huu hauna akili ya biashara.

KAZI YA KUREJESHA MIFUPA

Fundi hakukata kitu mpaka boti imekaa juu ya magogo na kusawazishwa kwa pima maji, imeegemezwa kila upande. Alinieleza sababu. Ile mihimili ndiyo inayolipa umbo lake lile ganda. Ukiing'oa boti ikiwa imelala upande, ganda linajipinda, ukiweka mipya umeufunga upinde ule milele. Baada ya hapo boti haitakwenda moja kwa moja hata ukiibembeleza. Kwa hiyo alitoa mhimili mmoja, akaujenga, ndipo akagusa mwingine.

Ukuta wa tezi tuliukata kutoka ndani, ngozi ya nje ikabaki kuwa kama kalibu. Tulichimba uozo kwa patasi na kwa mikono. Nyingine ilitoka kwa kijiko cha chai, si utani. Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kusubiri. Wiki mbili boti ilikaa wazi mchana, usiku inafunikwa turubai. Vijana wakawa wanauliza kila siku tunangoja nini. Fundi anajibu, "Faiba haishiki kwenye unyevu. Ukiharakisha, utaibandua kwa kucha."

Kisha ikaja zamu ya grenda. Faiba mpya haishiki juu ya ile ya zamani mpaka ikwaruzwe ipate ukali, na ukingo wa palipokatwa lazima uchongwe mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene. Ukuta wa milimita 6 unataka mteremko wa sentimita 7 hivi, ndipo kiraka kinapata pa kushika. Vumbi lake ni vioo vidogo vidogo. Nilivaa mikono mirefu, miwani na kitambaa cha kuziba pua, bado nilijikuna siku tatu. Shati langu likafuliwa pamoja na kanga za mkaza mjomba, naye akaanza kujikuna. Siku ile nilikula mwenyewe barazani.

Resini nayo ina kiburi chake. Haikauki mpaka uitie dawa yake, hadina, sehemu 1 mpaka 2 kwa kila 100. Ukizidisha, kwa joto letu hili, kopo linapata moto, linatoa moshi na gundi inaganda mkononi kabla hujapaka. Fundi alichanganya kidogo kidogo, asubuhi na mapema. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofua, na ikichanganywa moja kwa moja na ile dawa nyingine ya kuharakisha, kabla haijatiwa kwenye resini, inaweza kulipuka. Hapo hapana mchezo.

Tulibandika plaiwudi mpya za kuhimili maji, tabaka juu ya tabaka, tukazibana kwa jiriwa mpaka zikawa ubao mmoja. Juu yake mikeka ya faiba, kila mmoja ukikandamizwa kwa kiroli cha chuma kutoa hewa, maana kipovu kilichobaki ni mlango wa maji wa kesho. Na kila tundu la skrubu lilitobolewa kubwa kuliko inavyotakiwa, likajazwa resini, likatobolewa upya katikati ya ile resini. Hivyo maji yakipenya hayaikuti mbao.

Yote yalichukua wiki sita. Fundi akagonga tena tezi kwa mpini wa nyundo. Ko, ko, ko. Ndipo akasema, "Haya, leteni hiyo rangi yenu."

Mwezi Septemba vijana waliingia baharini. Ile milioni 1 na nusu iliyopungua haikurudi, sitawadanganya. Ada ya binti ililipwa vipande vipande, na karai la samaki la mkaza mjomba lilianza kuwaka saa tisa usiku badala ya saa kumi na moja. Uaminifu una gharama, na mara nyingi anailipa yule ambaye hata boti hakuwahi kuipanda.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua boti ya faiba ya mtumba, usiende na macho matupu. Nenda na nyundo. Gonga tezi na sakafu, sikiliza. Angalia kama skrubu zinalia kutu. Kama mashine imefungwa, shika mguu wake, uinyanyue na kuishusha huku mwenzio anatazama ule ukuta. Ukiona unacheza, na wewe cheza mbali. Muuzaji akikataa usigonge, eti utaharibu rangi, hapo ameshakujibu.

Na wewe unayeuza, kabla hujafungua kopo, jiulize lile swali la mkaza mjomba.

Wiki njema.