Sumu isiyoulizwa pasipoti mpakani

Msomaji mpenzi, umewahi kujiuliza sukuma wiki unayowapikia watoto imenyweshwa maji gani? Mimi hujiuliza kila mara. Naishi katika mtaa ulio karibu na mto hapa Nairobi, na jioni nikitoka kazini humkuta mama mboga amepanga mafungu yake, mabichi, yanayovutia macho. Mengine yameoteshwa kando ya mto huo huo. Aliyemwaga uchafu mtoni huko juu hanijui, nami simjui, lakini sufuria yangu inamjua.

Nimeanzia jikoni makusudi. Leo nataka tuzungumze juu ya taka za mionzi, yaani mabaki ya madini na mitambo ya nyuklia yanayotoa miale isiyoonekana kwa macho wala kunusika. Wengi wetu hudhani hayo ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo. La hasha! Maswali ya kuuliza ni yale yale ya fungu la mboga: uchafu umetoka wapi, umepitia njia gani, na nani atakayeula?

Hebu twende hadi mji mdogo wa Mailuu-Suu, ulioko bondeni katika milima ya Kyrgyzstan, Asia ya Kati. Kuanzia mwaka wa 1946 hadi 1968, Muungano wa Kisovieti ulichimba na kusafisha uraniamu mahali hapo. Kazi ilipokwisha, mabaki yaliachwa papo hapo: mabwawa 23 ya tope la kiwandani na marundo 13 ya mawe, jumla yake karibu mita milioni mbili za ujazo. Yamelala kando ya mto, chini ya miteremko inayoporomoka, katika nchi ya matetemeko ya ardhi.

Mnamo Aprili 1958 ukuta wa bwawa moja ulibomoka. Tope linalokadiriwa kufikia mita za ujazo 600,000 lilimwagika mtoni na kusombwa makumi ya kilomita kuelekea Uzbekistan, katika Bonde la Fergana, ambako mamilioni ya watu hulima pamba, mpunga na matunda. Wakati huo mpaka ulikuwa mstari tu ndani ya dola moja. Mwaka wa 1991 dola hiyo ikavunjika. Milima haikusogea hata hatua moja, lakini taka zikajikuta katika nchi moja, na wengi wanaotegemea mto huo katika nchi nyingine.

Sasa hatari kama hii hupimwaje? Kwanza, tusichanganye kuwapo kwa sumu na kuingia kwa sumu mwilini. Wembe uliofungiwa kabatini haukati mtu. Wembe uliotupwa uani, watoto wanakochezea, ndio wa kuogopwa. Kwa hiyo mtaalamu hufuata njia moja moja. Hupima maji, kwa sababu uraniamu ikinywewa kwa wingi hudhuru figo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 30 katika kila lita ya maji ya kunywa. Hupima hewa ya ndani ya nyumba, kwa sababu mabaki hayo hutoa gesi ya radoni, na radoni ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu baada ya sigara. Hupima pia vumbi, maziwa na mboga.

Halafu huhesabu muda. Radiamu iliyomo katika mabaki ya uraniamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hivyo ni vizazi zaidi ya 60. Ni serikali gani unayoijua iliyodumu muda huo?

Utaona, basi, kwamba anayeishi ubavuni mwa rundo na anayeishi ng'ambo ya mpaka hawana hatari ya aina moja. Wa kwanza anahangaika na hewa ya nyumbani na vumbi la kila siku. Wa pili anaogopa zaidi ile siku mlima utakapoporomoka, uzibe mto, kisha maji yasombe rundo zima. Ukipima maji yake leo ukayakuta safi, hujamaliza kazi. Lazima upime na mlima pia, nao uko katika nchi ya mwenzake.

Nilipomsimulia mwanangu wa miaka 12 habari hizi, aliniuliza, "Mama, sasa nani hupima maji, wa juu au wa chini?" Nikamwambia yafaa wapime wote wawili, kwa kipimo kimoja, siku moja. Wa juu akipima peke yake, wa chini hatamwamini. Wa chini akipima peke yake, wa juu atasema anatafuta fidia.

Hata mataifa tajiri hayajaepuka mvutano huu. Kampuni ya umeme ya mkoa wa Ontario, Kanada, ilipanga kuzika taka za mionzi mita 680 chini ya ardhi, karibu na Ziwa Huron, ambalo nchi hiyo inalimiliki pamoja na Marekani. Mwaka wa 2015 jopo la uchunguzi lilisema mradi huo hauelekei kuleta madhara makubwa. Wanasiasa na miji mingi ya pande zote mbili za ziwa walipinga. Mwishoni watu wa asili wa Saugeen Ojibway, wenye ardhi hiyo, waliulizwa: Januari 2020 watu 1,058 walipiga kura ya kukataa na 170 ya kukubali. Mradi ukaachwa. Hesabu za wataalamu ni muhimu, lakini hazikutosha kumfanya jirani alale usingizi.

Haya yanatuhusuje sisi? Serikali yetu imekuwa ikipanga kujenga kituo cha nyuklia. Kwanza palitajwa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliandamana mwaka wa 2024. Baadaye Siaya ikatajwa, kando ya Ziwa Victoria ambalo tunalitumia pamoja na Uganda na Tanzania. Simkatazi mtu umeme. Stima zikipotea mtaani kwetu, mimi ni wa kwanza kulalamika. Lakini kila kituo cha nyuklia huzaa taka, na ziwa halina ukuta katikati.

Kwa hivyo, msomaji, siku utakapoitwa barazani kuelezwa mradi wa aina hii, usiridhike na jibu la "ni salama." Uliza taka zitakaa wapi na kwa miaka mingapi. Uliza maji na hewa vilipimwa vikoje kabla ya ujenzi, maana bila kipimo cha leo hutajua kilichobadilika kesho. Uliza kama mvuvi wa Uganda na wa Tanzania wameulizwa, na nani atalipa ukuta ukibomoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Mailuu-Suu ukuta ulibomoka mwaka wa 1958, na hadi mwaka wa 2015 mataifa yalikuwa bado yanaanzisha mfuko wa kusafisha maeneo ya uraniamu ya Asia ya Kati.