Kiti cha Tonawanda

Nyumbani kwetu Lamu palikuwa na kiti cha enzi: mbao nyeusi zilizotiwa njumu za pembe, egemeo refu lililosimama wima. Alikalishwa mgeni wa heshima. Kiti kile kilimtukuza mtu, hakikumpumzisha.

Nilikikumbuka hapa Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, ninakofanya ukalimani kwa simu. Kutwa nzima niliwafasiria wagonjwa kutoka Kongo maumivu yao, huku nimekalia kiti cha jikoni, kiuno kikiniwaka moto. Viti vipya vilivyo bora viliuzwa mamia ya dola, nami sikuwa nazo.

Jumamosi moja nikaingia katika duka la samani kuukuu za ofisi. Nikajaribu viti kumi. Cha mwisho kilikuwa kimechubuka mkono mmoja. Bei yake dola 60. Nikakishusha hadi nyayo zikakanyaga sakafu, magoti yakalingana na nyonga, egemeo likajaza kibonde cha kiuno. Nikalipa.

Jumatatu, mama mmoja akaniambia simuni: “Mwana yangu, ambia munganga mugongo inaniuma.” Nikafasiri. Kwa mara ya kwanza, maumivu yale yalikuwa yake peke yake, nami nikaweza kuyasikiliza.