Ugenini Wakati wa Sikukuu

Desemba ni mwezi wa watu kuondoka Dodoma. Wachaga wanapanda mabasi ya Moshi, watumishi wa serikali wanafunga ofisi na kurudi Dar es Salaam kwenye familia zao, na wakulima wako shambani, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja na ukichelewa kupanda umepoteza mwaka. Sisi mashabiki wa mpira tuliobaki mjini tulikuwa na safari yetu. Krismasi hadi Mwaka Mpya tuliifuata timu ya mkoa ugenini.

Waliotutangulia walikuwa na timu za CDA na Waziri Mkuu, majina yanayoeleza historia ya mji wenyewe. CDA ilikuwa mamlaka ya ustawishaji makao makuu, iliyoundwa mwaka 1973 baada ya uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma, na wazee wa Majengo na Chang'ombe walizungumzia timu hizo kama watu wanavyozungumzia ndugu waliosafiri mbali. Rika langu tulikuwa na Polisi Dodoma. Haikuwa timu ya makombe wala ya majina makubwa. Ilikuwa timu yetu, inafanya mazoezi tunaiona, na wachezaji wake tunasalimiana nao sokoni.

Siku hizo Ligi Kuu ilikuwa inapumzika mwisho wa mwaka. Msimu wa 2011/12, kwa mfano, mzunguko wa kwanza uliisha mapema Novemba na wa pili ukaanza Januari. Katikati hapo timu zilitafuta mechi za kirafiki ili wachezaji wasilale. Barua inatumwa Iringa, Singida au Kondoa, wenyeji wanajibu, tarehe inawekwa Desemba 26 au Januari mosi, siku ambazo watu wako nyumbani na wanatafuta pa kwenda. Hakukuwa na pointi wala kikombe. Kilichokuwepo ni heshima ya mkoa, na kwa watu wa kanda ya kati hiyo ilitosha kujaza uwanja.

Safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Iringa. Leo ni mwendo wa saa chache. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na sisi tulisafiri masika. Tulichangishana, tukakodi Kosta, tukaondoka kabla ya alfajiri: Fufu, Chipogolo, kisha bwawa la Mtera, ambako dereva lazima asimame. Akina mama wanaouza samaki wa kukaanga wanazunguka gari, na kila mtu ananunua, wa kula njiani na wa kupeleka kwa wenyeji. Baada ya Migori na Izazi unafika mlima Nyang'oro. Hapo, mvua ikiwa imenyesha, abiria wote wanashuka. Wanaume wanasukuma, vijana wanatafuta mawe ya kuweka nyuma ya matairi, na akina mama wanapanda mlima kwa miguu wakiimba. Watu waliokuwa hawajuani stendi ya Dodoma walifika Iringa wakiwa kundi moja.

Tulisafiri na ngoma. Kwa Wagogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake, na kwenye msafara wetu wapigaji walikuwa akina mama. Ngozi ikilowa hulegea na sauti hufa, na mvua ya Iringa ya mwezi huo inalowesha kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kuingia uwanja wa Samora ilikuwa lazima kuwasha moto. Nakumbuka mama mmoja wa makamo akikusanya majani makavu chini ya mti wa pembeni, akikiambia kitoto kilichokuwa kinamchungulia, "Sogea, mjukuu wangu, moshi utakuumiza macho." Aligeuza ngoma taratibu juu ya moto, akaigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza, akaigeuza tena. Mlinzi wa geti alikuja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, aliondoka na kurudi na kipande cha ukuni. Yeye alikuwa wa Iringa, na ngoma ile ilikuwa inaandaliwa kwa ajili ya kuwapigia kelele wachezaji wake.

Mechi ikiisha saa kumi na mbili jioni hatukuweza kurudi. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, na hata bila ya katazo hilo hakuna dereva ambaye angeshuka Nyang'oro gizani kwenye utelezi. Wachache walikwenda gesti. Wengine tuligawanywa kwenye nyumba za watu, kazi iliyofanywa na mashabiki wenyeji pale pale nje ya uwanja: wewe na wewe njooni kwangu, hawa watatu wataenda kwa shemeji. Nyumba niliyofikia mimi ilikuwa Kihesa. Mama mwenye nyumba alitandika mikeka na magodoro sebuleni, akatundika jezi zetu zilizolowa juu ya jiko la mkaa, akapokea samaki wetu wa Mtera kwa mikono miwili. Chakula kilikuwa wali wa sikukuu uliobaki na kuku, na ulanzi kwa wanaokunywa. Baba wa nyumba alitueleza makosa ya beki wetu wa kushoto kwa undani ambao hata mwalimu wetu hakuwa nao. Asubuhi tuliagwa kama ndugu. Mwaka uliofuata kijana wa nyumba ile alipopata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, sisi ndio tuliompokea stendi na kumtafutia chumba.

Singida ilikuwa hivyo pia. Unapita Bahi na Kintinku kwenye tambarare, kisha unapanda ukingo wa bonde kuelekea Manyoni, na mbele yako ni mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Uwanja wa Namfua, ambao sasa unaitwa Liti, siku ya Mwaka Mpya ulikuwa unajaa watoto wenye nguo mpya. Tulirudi kila mtu ana dumu la mafuta ya alizeti na asali ya Manyoni, na wengine kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu chini ya kiti. Matokeo ya mechi zile nimeyasahau karibu yote. Majina ya watu walionilaza nayakumbuka.

Mwaka 2012 Polisi Dodoma ilishuka daraja pamoja na Moro United na Villa Squad, na makao makuu ya nchi yakakaa bila timu yake Ligi Kuu kwa miaka minane. Katika miaka hiyo mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Azam TV ilianza kurusha ligi mwaka 2013, na ratiba ya ligi ikaanza kuingia Desemba hadi sikukuu yenyewe. Mtu wa Dodoma aliyekuwa hana timu ya mkoa ya kushangilia alipata Simba na Yanga kwenye skrini ya baa ya mtaani, Krismasi ikiwemo. Wengi walikuwa na timu hizo moyoni tangu enzi za redio. Tofauti ni kwamba wakati wa redio ulikuwa unaisikiliza Yanga na kuisindikiza Polisi Dodoma. Skrini ilifanya iwe rahisi kubaki na moja.

Kisha barabara zikaja. Aprili 2018 lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa, na siku chache baadaye ya Iringa kupitia Mtera. Ile njia ya kale iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, inayokatiza Iringa, Dodoma na Babati hadi Arusha, ikawa lami yote. Mwezi huo huo, Aprili 26, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kipande cha Nyahua hadi Chaya, na Tabora nayo ikafikika kwa lami kupitia Manyoni na Itigi. Kuanzia Oktoba 1, 2023 mabasi yakaruhusiwa kusafiri saa 24. Kila kikwazo tulichokuwa tunakilalamikia ndani ya Kosta kimeondolewa, na ninashukuru. Nimeona akina mama wajawazito wakikwama Nyang'oro. Hakuna kumbukumbu ya mpira inayostahili kurudishiwa tope lile.

Mwaka 2020 timu ya halmashauri ilipanda Ligi Kuu sambamba na Gwambina na Ihefu, ikaja kuitwa Dodoma Jiji. Mashabiki wakaipa jina la Walima Zabibu. Nilidhani safari za sikukuu zitarudi na watu mara tatu ya zamani, kwa kuwa sasa kulikuwa na timu, kulikuwa na lami, na kulikuwa na pointi tatu za kugombea. Desemba 31, 2021 tulikwenda Dar es Salaam, Uwanja wa Benjamin Mkapa, dhidi ya Yanga. Tulifungwa nne bila. Kilichoniuma zaidi ya mabao ni kuangalia kulia na kushoto. Basi letu lilikuwa na viti vitupu, na uwanjani niliwaona watu wa Dodoma ninaowajua kwa sura, majirani zangu, wamekaa upande wa pili wamevaa njano na kijani. Usiku huo tulirudi hotelini, kila mtu na simu yake, na asubuhi tukaondoka. Hakuna aliyetukaribisha nyumbani kwake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Jiji kubwa lina wageni wengi kila siku.

Julai 25, 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Agosti 1 ikazinduliwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida, na chini ya saa nne umefika. Desemba ile nilielewa maana yake kwa mpira wetu. Siku ya Krismasi yenyewe, Desemba 25, Yanga walikuja Uwanja wa Jamhuri. Mashabiki walishuka kwenye treni na mabasi, wakaungana na wa hapa hapa mjini, na majukwaa yakageuka njano. Tulifungwa tena nne bila, safari hii mlangoni petu. Siku tatu baadaye Simba walicheza Singida, kwenye uwanja wa Liti, wakashinda moja bila dhidi ya Singida Black Stars. Misafara ilipita Dodoma tangu asubuhi, bendera nyekundu madirishani, na vijana wengi wa hapa walipanda humo. Barabara ile ile ya Bahi, Kintinku na Manyoni ilikuwa imejaa mashabiki wakati wa sikukuu kuliko nilivyowahi kuiona. Walikuwa wanakwenda kuishangilia timu ya Kariakoo, Dar es Salaam.

Siwalaumu Simba na Yanga. Wamejenga upendo huo kwa karibu karne nzima, na fedha wanazoacha kwenye gesti na migahawa ya Dodoma na Singida ni halali. Ninachosema ni kwamba timu ya mkoa inahitaji kitu ambacho televisheni haiwezi kuipa. Mchezaji anayetoka Jamhuri kwenda viwanja vya mbali anahitaji kumwona mtu mmoja jukwaani aliyetoka anakotoka yeye. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa kwenye mechi na Namungo. Wachezaji kadhaa waliumia, na mechi yao na Simba ikaahirishwa. Siku ile simu yangu iliita mfululizo. Watu ambao hawajawahi kuvaa jezi ya Walima Zabibu waliuliza majina ya waliojeruhiwa, wakaomba dua, wakataka kujua watasaidiaje. Nikajua kwamba upendo upo. Haujapewa safari tu.

Na safari hizo ndizo zilizokuwa zinaujenga. Tulijuana na Iringa kwa sababu tulilala Iringa. Leo unaweza kutazama mechi Singida au Babati na ukarudi kulala kwako, na hilo ni jema kwa mwenye kazi kesho yake. Lakini wakati wa sikukuu wengi hatuna kazi kesho yake. Siku mbili zile zilizokuwa za lazima kwa sababu ya tope na giza, sasa inabidi tuzichague wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Dodoma. Ratiba ya Desemba ikitoka, tafuteni mechi moja ya Dodoma Jiji ugenini, hasa zile za karibu: Singida, Tabora, au Babati ambako timu ya Fountain Gate imehamia. Kodini Kosta mtaani kwenu, chukueni watoto, na msiwaache akina mama wa ngoma. Nunueni samaki au zabibu za kupeleka. Mechi ikiisha msikimbilie gari. Ulizeni mashabiki wenyeji wanakula wapi, mkae nao. Na wao wakija Jamhuri, mwenye sebule afungue mlango. Ukiwa na jezi ya Simba au Yanga kabatini, iache humo kwa siku hiyo moja, uvae ya jiji unaloishi.