Wao Nao Wako Kambini: Safari za Jumamosi Ujerumani



Mwezi huu ukurasa wetu unaenda mbali, Ujerumani. Huko nako kuna familia zinazoishi kambini, yaani wake, waume na watoto wa wanajeshi wa Marekani. Wanajeshi hao wamekuwapo tangu vita vikuu vya pili viishe mwaka 1945. Katika miaka ya 1980 askari walikuwa zaidi ya 200,000, na mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 30,000. Msifikiri ni kambi za turubai, hapana. Kuna shule, kanisa, hospitali, maduka ya dola, na uzio wenye geti. Mtu akitaka anamaliza miaka yake yote humo ndani bila kununua hata mkate kwa Mjerumani. Mimi huyo namshangaa, maana yeye geti anafunguliwa.

Wenye akili wanatoka Jumamosi. Jumapili maduka karibu yote ya Ujerumani yanafungwa kwa sheria, kwa hiyo ni siku ya kutembea tu na kuangalia.

Kambi zilizo nyingi ziko karibu na mji wa Kaiserslautern, magharibi. Kutoka pale kwenda Trier kwa gari ni kama saa moja na nusu. Trier ina geti la mji linaloitwa Porta Nigra, maana yake Lango Jeusi. Warumi walilijenga karibu mwaka 170 baada ya Kristo kwa mawe makubwa yaliyopangwa bila udongo wala saruji katikati, na bado limesimama! Wengine wanaenda mto Rhine, wanapanda meli kati ya Bingen na Koblenz. Ni kilomita kama 65 tu, lakini juu ya vilima kuna ngome za zamani karibu 40, watoto wanazihesabu mpaka wanachoka.

Walio kambi ya Ansbach, upande wa kusini, wako karibu na Rothenburg, mji wenye ukuta kuuzunguka, na mtu anatembea juu ya huo ukuta. Tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani ziliupiga mabomu, na sehemu ya ukuta ikaanguka. Baadaye watu wa nchi nyingi walichanga pesa ukajengwa tena, na majina yao yameandikwa kwenye mawe. Wamo na Wamarekani. Basi mtoto wa askari anapita pale anasoma majina ya watu wa kwao kwenye ukuta uliobomolewa na watu wa kwao. Ningekuwa mwalimu wao, safari ya kwanza ningewapeleka hapo.

Kuna pia matembezi ya miguu yanaitwa Volksmarch, Wamarekani wameyapenda sana. Unalipa pesa kidogo, unatembea kilomita 5 au 10 porini na vijijini, njiani kuna vituo, unapata chai na kadi yako inapigwa muhuri. Sisi mambo ya kadi na mihuri tunayajua, ila ya kwao ni ya kujifurahisha.

Lakini msidhani ni raha tupu. Mwaka 2003 divisheni moja ya vifaru yenye makao Ujerumani ilipelekwa Iraq. Aprili 2004, watu wanangoja kurudi, wakaambiwa bado miezi mitatu. Mama amebaki na watoto katika nchi ambayo si yake, hana bibi wala shangazi karibu, na kila siku anaogopa habari. Kwa mama kama huyo basi la Jumamosi si anasa. Kambi nyingi zina ofisi inayopanga safari hizo, anapanda na wanawe pamoja na akina mama wengine, siku inapita.

Sasa habari ya karatasi. Mkataba wa nchi za NATO kuhusu majeshi yanayokaa ugenini ulitiwa saini London tarehe 19 Juni 1951. Mkataba wa wakimbizi ulitiwa saini Geneva tarehe 28 Julai 1951. Hazikupita hata wiki sita! Ule wa kwanza unasema familia ya askari iandikwe hivyo kwenye pasipoti, na kwa karatasi hiyo wanakaa na kutembea. Ule wa pili, kifungu cha 26, unasema mkimbizi aliye nchini kihalali achague pa kukaa na atembee, kwa kanuni zilezile za wageni wengine. Sisi hapa tunatoka kwa kibali. Wanafunzi wa uraia, kisomeni kifungu hicho chote, tutakijadili.

Ramani ya Ulaya nimeibandika ukutani darasa la sita. Anayetaka kuona Rhine inapopita, aje baada ya vipindi, hata wazazi.