Fomu ya Upekuzi

Nilikuwa nikishuka miteremko ya Meru, mbege imenipanda kichwani (mbege haina haraka, lakini hufika), askari wa barabarani aliponisimamisha Tengeru. Mahakamani nilikiri, nikalipa faini. Kilichonitisha ni fomu ya upekuzi: nilikuwa mfasiri wa nyaraka za siri katika ofisi moja mjini Arusha, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haimsamehe avujishaye.

Fomu iliuliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Mwenzangu akaninong'oneza niandike “La”. Wapekuzi humhofu mlevi kwa mdomo wake; mimi nilimhofu zaidi mwenye kuficha, kwani aijuaye siri yake amemshika mateka. Nikaandika “Ndiyo”, na kiasi cha faini.

Miezi mitatu sikuletewa jalada hata moja. Mwezi wa nne nikakuta mezani bahasha yenye lakiri.