Samaki wa kwetu ndani ya kioo

Mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, ametenga sehemu ya bumu lake anunue samaki wa mapambo. Tangi la kioo tunalo, lita 80. Hela ni ya mara moja tu, wakifa hakuna awamu ya pili. Kwa hiyo kikao cha kuwachagua kimekuwa kirefu kuliko cha harusi.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoamua. Yetu ni ya visima vya Makutupora, magumu kweli kweli: sabuni inagoma kutoa povu, birika linaota ukoko mweupe. Neon tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu, asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini na asidi kidogo. Kumleta Dodoma ni kumtesa.

Sasa, sisi ni watoto wa Rungwe Mpya. Sehemu kubwa ya mvua ya nyanda zile za Kasulu na Kibondo hushukia mto Malagarasi, nao huingia Ziwa Tanganyika. Ziwani maji mengi hupotea kwa mvuke, madini yanabaki, ndiyo maana pH yake inacheza kwenye 9. Samaki wa maji hayo Wazungu wanawahangaikia siku nyingi. Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha kutoka Burundi miaka ya 1970, na mwaka 1974 mmoja akapewa jina lake: Neolamprologus brichardi. Sisi wa huko juu tulimjua mgebuka na dagaa, tena waliokauka. Inauma kidogo jamani.

Mdogo wangu anamtaka Tropheus duboisi. Namwelewa, kinda lake ni jeusi lenye madoa meupe, kanga mtupu! Lakini huyu hula mwani wa kwenye mawe. Ukimzidishia chakula cha nyamanyama tumbo linavimba na anakufa. Tena ni mgomvi, anataka kundi kubwa na tangi mara tatu ya letu.

Brichardi je? Wakubwa husaidia kulea wadogo zao, utadhani familia ya Kiha. Ila wakishazaliana, mgeni ndani ya tangi atapigwa mpaka afe. Hapo ndipo ufanano na Waha unapoishia.

Kura yangu ni Neolamprologus multifasciatus. Hafiki sentimita 5, anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na kutwa anachimba mchanga kama ana tenda ya serikali. Lita 80 zinamtosha yeye na ukoo wake. Mama alicheka kwenye simu: "Mwanangu, samaki asiyefaa hata kwa mboga unamlisha wa nini?"

Jambo la kuogopa ni amonia inayotokana na kinyesi chao. Kwenye maji ya alkali sumu yake ni kali zaidi, kwa hiyo hakuna kujaza tangi siku ya kwanza. Chujio linaanza kufanya kazi wiki kadhaa kabla, tukidondosha punje za chakula ili bakteria wa kula amonia wazaliane. Maji ya bomba yanalala kwenye ndoo wazi kwanza, klorini itoke. Halafu wanaingia sita tu.

Mchanga tumeshauosha. Mdogo wangu bado kanuna, na picha ya duboisi kaiweka kwenye simu yake.